Fundi wa Gari la Kiti Kimoja

Ukisema "Fundi" katika karakana ya shamba letu la Timau, hakuna aliyegeuka kunitazama mimi. Nami nilikuwa fundi. Nilikuwa nimesoma shule ya misheni ya Kaaga mpaka nikaweza kuandika barua ya Kiingereza, nilikuwa na ovaroli yenye mifuko mitano, na niliweza kuifungua injini ya trekta na kuifunga tena bila skrubu hata moja kubaki mezani. Lakini jina lile lilikuwa limekwisha kuchukuliwa. Mimi niliitwa Mwiti tu, na siku nyingine "wewe wa klachi". Yeye ndiye aliyekuwa Fundi, na mpaka leo, nikiwa na mvi na wajukuu, siwezi kumwita kwa jina jingine.

Nilimwonea wivu miaka yote mitatu tuliyofanya kazi pamoja, na nikaendelea kumwonea wivu miaka mingi ambayo sikumwona. Nasema hivyo mapema ili msomaji ajue ni mkono wa nani unaomchora. Tena kuna jambo nililomtendea wakati wa Hali ya Hatari ya serikali ya kikoloni, kwa neno moja tu, na nilipaswa kwenda kumwambia, nikachelewa, nikachelewa tena. Nitalifikia. Kwanza nimweleze mtu mwenyewe, na nitajitahidi kumtendea haki, ingawa kalamu inanivuta upande.

Alitoka Embu ya chini, upande wa Mbeere, kwenye joto na mawe, na kazi ikamleta Timau ambako baridi ya mlima huingia mpaka kwenye meno. Hakuizoea. Alivaa koti la jeshi mwaka mzima, hata wakati wa kuvuna ngano, na juu ya koti akafunga mshipi alioutoboa matundu mengi kuliko ya kufungia. Aliamini kwamba kila kitu kina uzito usio na kazi. Alitoboa mpini wa nyundo yake, akatoboa kijiko chake cha uji hapo kwenye mkono, akatoboa hata kifuniko cha sufuria mpaka mkewe akamnyang'anya bisibisi. Mtu wa mambo ya kasi namna hiyo ungedhani anatembea mbio. Alitembea polepole kupindukia. Kengele ya chakula ikilia, yeye ndiye aliyefika wa mwisho, na alipochekwa alijibu, "Ugali haina miguu, itaenda wapi?"

Alinuka mafuta ya mbarika. Mama yake aliyakamua huko kwao, akamtumia kwa chupa, naye akajipaka usoni na mikononi kwa sababu ya baridi. Tulimcheka kwa harufu ile, mimi nikiwa kiongozi wa wachekaji. Kisha siku moja likaja kopo la mafuta ya injini kutoka ng'ambo, Fundi akalifungua, akanusa, akafumba macho. Kumbe injini za mashindano za siku zile zilipenda mafuta ya mbarika, kwa kuwa yanavumilia moto mkali. "Hii ni nyumbani kwa mama," akasema. Bwana alicheka mpaka akakohoa, akampigapiga mgongoni. Mimi sikucheka. Niliona kwamba hata kunuka kwake sasa kumekuwa cheti.

Bwana ninayemtaja ndiye Mzungu mwenye shamba. Alikuwa na ngano ya kutosha kulisha mji, lakini moyo wake ulikuwa kwenye mashindano ya magari. Aliagiza kwa meli gari la kiti kimoja: jembamba, refu, magurudumu yote manne yako nje bila madigadi, na dereva ameketi katikati peke yake, kichwa kikipigwa na upepo. Lilipoteremshwa kwenye lori watu wa shamba walilizunguka wakiuliza abiria atakaa wapi.

"Hapana abiria," Fundi akawaambia. "Hii gari ni ya mtu moja na makosa yake."

Ungedhani amelizaa yeye. Na kweli alilijua kabla halijafika. Wakati wa vita vikuu vya pili alikuwa jeshini, fundi wa malori, akapangiwa kulinda mateka wa Kitaliano karibu na Nanyuki. Mmoja wao alikuwa amefanya kazi kwao katika karakana ya magari ya mashindano. Mtaliano hakuwa na Kiswahili na Fundi hakuwa na Kitaliano, kwa hiyo walifundishana kwa vijiti na mchanga, mateka akichora na mlinzi akiuliza kwa vidole. Hiyo ndiyo shule yake. Mimi nilikaa dawatini miaka saba nikichapwa kwa ajili ya hesabu, na mtu huyu alisomea kwenye vumbi na akanipita.

Lakini kulikuwa na kitu ambacho mateka hakumpa, nacho ni kusoma. Bwana aliletewa magazeti ya michezo ya magari, yakija kwa meli miezi baada ya kuandikwa, na akishayasoma aliyatupa karakana tufutie mikono. Fundi aliyaokoa. Aliyaleta kwangu Jumamosi mchana, akaketi juu ya debe, akasema, "Mwiti, nisomee." Nami nilimsomea. Nilisoma kila neno, yeye akisikiliza huku amefumba macho, na nilipomaliza alikuwa ameelewa vitu ambavyo mimi niliyevisoma sikuvielewa. Jumatatu alisimama mbele ya watu akatangaza, "Jana huko Italia ilikuwa moto," ilhali mashindano yenyewe yalifanyika msimu wa mvua uliopita, na watu wakamzunguka mdomo wazi. Hakuna aliyeuliza ni nani aliyesoma.

Somo lake lilikuwa baada ya chakula, penye kivuli cha mashine ya kuvunia. Alitumia sahani za bati, mawe, na kitoroli. Nakumbuka siku alipoeleza maana ya fomula.

"Fomula ni sheria tu," alisema. "Serikali ya magari inasema, injini isipite lita mbili na nusu. Yako ikipita, wewe rudi nyumbani. Hivyo ndiyo tunaona nani ni dereva na nani ni tajiri."

"Kwani tajiri anashindwa?" akauliza mzee wa ghala.

"Hapana. Lakini anatoa jasho kidogo."

Alieleza kwamba kabla ya siku yenyewe kila dereva hukimbia na saa, na mwenye muda mfupi hupangwa mstari wa mbele. Alieleza pointi: wa kwanza nane, wa pili sita, kisha nne, tatu, mbili, na kuanzia wa sita hakuna kitu. Kisha aliinua kidole kwa ile aliyoipenda kuliko zote, pointi moja ya yule aliyekimbia mzunguko mmoja kwa kasi kuliko wengine wote, hata kama mwisho wa yote alishindwa. Alisema hiyo ni sheria yenye huruma. Alieleza kwamba mafundi hukaa pembeni, mahali paitwapo piti, na kwa kuwa dereva hasikii kitu kwa ngurumo, fundi humwandikia ubao kwa chokaa: uko wa ngapi, aliye mbele yuko sekunde ngapi, imebaki mizunguko mingapi. "Dereva ni mguu," alisema. "Jicho liko kwa ubao."

Bendera alishonewa na mkewe, Mama Njeru, kwa matambara. Nyekundu, simama. Manjano, kuna hatari, usimpite mtu. Nyeusi, umekosa, toka nje. Bluu maana yake nyuma yako yuko mwenye kasi kuliko wewe, mpishe. "Hii ya bluu wengi hawaoni," alisema, "jicho lao linakuwa gonjwa." Watu walicheka. Nilihisi ananisema mimi, na pengine hakuwa akimsema mtu yeyote.

Kwenye kona alikuwa na wimbo wake: "Nje, ndani, nje." Unaingia kona ukiwa mbali, unaigusa kwa ndani, unaachia gari litoke mbali tena, na hapo barabara iliyopinda inakuwa karibu imenyooka. Aliwafundisha wabeba ngano wapite hivyo na vitoroli kwenye lango la ghala, na vitoroli vikaacha kupinduka. Bwana aliona, akampa kofia. Wiki mbili kabla yake mimi nilikuwa nimewaambia watu hao hao wapunguze mzigo, na sikupewa hata ahsante.

Gari likikataa kukata kona, likaenda mbele tu ingawa umegeuza usukani, alisema pua imekataa. Gari likikata kupita kiasi mpaka nyuma ikataka kuipita mbele, alisema mkia unakuja. Maneno hayo aliyatumia kwa watu pia. Nyapara wetu, ambaye ukimweleza jambo aliendelea na lake, aliitwa Pua Imekataa. Nami siku moja nilipogombana na mtu kwa ajili ya spana, Fundi aliniambia kwa upole, "Mwiti, wewe mkia unakuja." Nilimwuliza ana maana gani. Akasema, "Unakanyaga mafuta katikati ya kona. Ngoja gari inyooke kwanza." Sikumsemesha siku nne.

Usidhani alikuwa malaika. Alikuwa mkarimu wa maneno na bahili wa vyombo. Spana zake alizifunga kwa mnyororo, na ukiomba ya namba kumi na tatu alikuja nayo mwenyewe, akasimama hapo mpaka umalize, akairudisha. Alikuwa mtu wa kanisa asiyegusa kazi Jumapili, lakini Jumapili hiyo hiyo ungemkuta nje ya banda la gari amelaza sikio mlangoni Bwana akiungurumisha injini. Nilipomwuliza alisema kusikiliza siyo kazi. Na huyu mwalimu wa kasi, siku moja Bwana alipomwambia alizungushe gari kwenye shamba lililovunwa, alikwenda gia ya kwanza, amevaa kofia, ameketi wima kama yuko ibadani, na kuku wa nyapara akampita. Nililala na furaha siku ile. Asubuhi kila mtu alikuwa akiisimulia hadithi hiyo kwa kumpenda zaidi.

Alisema breki ni ya kwenda haraka. Tulibisha. Akasema mtu asiyeamini breki zake hatakanyaga mafuta, na huyo ndiye anayechelewa. Jumapili moja tulikwenda mjini Meru kwa baiskeli, upepo wa Timau ukitupiga kifuani. Akaniambia, "Kaa nyuma yangu, karibu kabisa, tairi kwa tairi." Nilikaa. Upepo ukatoweka, nikawa napiga pedali kama nateremka. Akapaza sauti bila kugeuka, "Hivyo ndivyo wao wanafanya. Wa mbele anakata upepo, wa nyuma anapumzika." Baada ya maili chache akasema tubadilishane. Nikasema mguu unauma. Hakusisitiza. Alikata upepo peke yake mpaka mjini, na aliponinunulia chai nilimchukia kwa sababu haikumgharimu kitu kuwa mwema.

Tulibishana mara moja kuhusu jambo nililomsomea mwenyewe. Siku zile sheria iliruhusu, gari la dereva mkubwa likiharibika, amsimamishe mdogo wa timu yake, achukue kiti chake, na pointi wagawane. Mdogo anateremka kwenye gari zima, anasimama kando na kofia yake.

"Huyo ni mjinga," nikasema.

"Huyo ni timu," akasema Fundi.

"Ungeteremka wewe?"

Alifikiri sana. "Ningeteremka," akasema, "lakini ningelia." Hata kwa hilo alinishinda, maana mimi nisingeteremka na nisingekubali kwamba ningelia.

Sasa nifike penyewe. Gari lilirudi kutoka mashindano ya kwanza klachi ikiteleza. Vipuri vilikuwa Mombasa melini. Nilijifungia siku tatu, nikakata bitana za klachi, zile sehemu zinazoshika, kwa mkono kutoka kwenye klachi ya trekta, nikazisugua mpaka zikalingana. Gari likavuta. Ilikuwa kazi bora kuliko zote nilizowahi kufanya na ambazo nimefanya tangu hapo. Bwana akaja, akaliendesha, akashuka anacheka, akamwekea Fundi mkono begani. "Fundi, kazi nzuri sana."

"Ni ya Mwiti, Bwana," Fundi akasema.

"Vizuri, vizuri," Bwana akasema, akiwa bado anamtazama yeye.

Laiti angenyamaza, ningemchukia kwa raha. Lakini alinitaja, tena kwa sauti, na haikusaidia kitu. Jioni ile Bwana akatangaza kwamba kwa mashindano ya Nakuru amepata kibali cha mtu mmoja tu. Ilikuwa Hali ya Hatari, na mtu wa Embu au wa Meru hakuweza kuvuka wilaya bila karatasi. Atakwenda Fundi, akasimame piti na kushika ubao. Chanda chema huvikwa pete, nao watu wakampongeza. Mimi pia nilimpongeza. Nilimshika mkono kwa mikono miwili.

Siku chache baadaye Bwana aliitwa msituni kwa zamu yake ya askari wa akiba, na alipokuwa huko wakaja wa sikirini. Ndivyo tulivyoita ule uchujaji wa kutafuta waliokula kiapo cha wapiganaji wa msituni. Asubuhi, jua limeshatoka, malori mawili yaliingia, tukaketishwa chini uwanjani, vibanda vikapekuliwa kimoja kimoja. Kwenye kibanda cha Fundi walitoa karatasi kubwa ya mfuko wa saruji. Juu yake kulikuwa na mstari uliopindapinda na kujifunga, kona zimepewa namba, mishale, nukta za mahali pa kukanyaga breki, na tarakimu za sekunde. Walitoa pia bendera.

Ofisa alikuwa Mzungu kijana mwenye pua iliyobabuka. Alimsimamisha Fundi. "Hii nini? Njia ya msitu?"

"Ni barabara ya mashindano ya magari, Afande. Iko Italia."

"Wewe imefika Italia?"

"Hapana, Afande."

"Basi wewe najua kona yake namna gani?"

"Kwa kusikia."

"Nani nasema kwako?"

Fundi aliitazama ile karatasi. Hakugeuza hata shingo kunitazama. Kama angesema "Mwiti alinisomea," nami ningesimamishwa, naye alilijua hilo. Wakaanza kuuliza watu. Saba tuliulizwa. Mmoja akasema amemwona Fundi akipunga bendera kuelekea mlimani. Mwingine akasema anapotea Jumapili. Nyapara akasema hana hakika lakini ana wasiwasi. Kila mmoja alitafuta neno la kutoa ili lori lisimchukue yeye. Kisha ofisa akanielekezea fimbo.

"Wewe pia fundi?"

Niseme ukweli, nilifurahi. Hata pale, nimeketi kwenye vumbi, nilifurahi kuitwa hivyo. "Ndiyo, Afande."

"Hii nini?"

Nilijua ni nini. Niliijua kona kwa kona, kwa kuwa mimi ndiye niliyemsomea, na lile gazeti lenye picha ya barabara hiyo hiyo, alilonakili mstari wake, lilikuwa ndani ya sanduku langu chini ya kitanda, hatua hamsini kutoka pale. Wapekuzi walikuwa wameliona wakalipuuza, wakidhani ni la kufutia mikono. Ningesema, "Afande, ngoja nikuletee," na pengine wangecheka wakaondoka na bendera tu. Watu husema waliogopa. Mimi pia niliogopa, kila mtu aliogopa. Lakini siyo hofu iliyonifunga mdomo. Nilifikiria Nakuru. Nilifikiria: wakimweka siku mbili tatu, kibali kitabaki, na mwenye kujua gari nitabaki mimi peke yangu.

"Sijui, Afande," nikasema.

Wakampakia. Alipanda lori polepole kama kawaida yake, na askari akamsukuma kwa kitako cha bunduki.

Bwana aliporudi alipiga simu, akaandika, akaenda mwenyewe mpaka bomani. Aliambiwa mtu huyo ameshapelekwa mbele, na kwamba amekataa kukiri kiapo. Angekirije kiapo ambacho hakula? Kwa kukataa kwake akawa mkaidi kwenye karatasi zao, na mkaidi alipelekwa kambi ya mbali zaidi. Siku tatu nilizozihesabu zikawa miaka minne.

Nami nilikwenda Nakuru. Nilisimama piti nikiwa na ovaroli safi, ubao mkononi, mafundi wa kizungu kulia na kushoto. Nilikuwa nimeitamani siku ile kiasi cha kuinunua kwa mtu. Gari la Bwana lilipita mara ya kwanza, nikainua ubao. Halikupunguza wala Bwana hakugeuza kichwa. Mara ya pili vivyo hivyo. Mizunguko yote niliandika na kufuta, mikono ikawa mieupe kwa chokaa, na hakutazama hata mara moja. Baadaye aliniambia, bila ukali, kwamba hakunizoea. Njiani kurudi, tulipofika Nyahururu, akasema, "Fundi angesikia ile gia ya tatu." Mwaka uliofuata aliliuza gari.

Mama Njeru alikuja kwangu mara moja. Alikuwa amehamishiwa kijiji cha Imajensi huko kwao, kimoja cha vile serikali ilivyowakusanyia watu kwa nguvu, wanachimba handaki kuzunguka kijiji, yeye akichimba na mtoto mgongoni. Sijui alipata wapi karatasi ya kusafiria. Alisimama mlangoni bila kuketi.

"Baba Njeru ametuma neno na mtu alitoka kambi," akasema. "Anasema uko na gazeti, ile ya picha. Anasema wakiona picha watamwachilia."

Hapo ndipo nilipopewa nafasi ya pili, na wengi hawapewi. Lakini kulitoa gazeti ni kukubali kwamba nilikuwa nalo tangu siku ile.

"Ilitumika kufutia mikono, mama," nikasema. "Pole sana."

Nilimpa ratili mbili za sukari. Aliipokea, akanishukuru, akarudi Embu.

Miaka ikapita. Uhuru ukaja, nikafungua karakana yangu, nikaoa, nikajenga Nchiru huko Meru, na chuo kilipokuja nikajenga vyumba vya kupangisha wanafunzi. Muhula mmoja akapanga msichana mmoja kutoka Mbeere. Alipoona jina langu kwenye risiti aliuliza kama niliwahi kufanya kazi Timau. Nikasema ndiyo. Wiki iliyofuata akarudi na ujumbe.

"Guka, babu yangu, amesema uende umwone. Amesema usipokwenda atakuja mwenyewe, na ni mzee."

Sikulala vizuri siku tatu. Nilijua nimepatikana. Nikavaa koti, nikaenda, kwa sababu kungoja aje Nchiru kwa fimbo yake kulikuwa kubaya zaidi.

Nilimkuta ameketi nje ya nyumba ya mabati, amekonda, macho yana ukungu, lakini mikono ile ile. Mbele yake kulikuwa na pampu ya maji ya jirani, imefunguliwa vipandevipande. Watoto na wajukuu walikuwa wengi, kumbe wameitwa. Mbuzi alikuwa amechinjwa. Fundi alisimama, akanishika mkono kwa mikono miwili, hakuuachia.

"Muga, Mwiti," akanisalimia kwa Kimeru changu.

"Muga," nikajibu.

Akawageukia watu wake. "Huyu ndiye. Siku ile watu saba waliulizwa. Sita walisema kitu. Huyu moja alisema hajui. Na siku hizo, mtu akisema hajui walimpiga au walimchukua. Kule kambi nikaambia wenzangu, mimi niko na mtu nje. Wengine hawakuwa na mtu. Miaka ine mimi nilisimama kwa hiyo neno."

Wajukuu walikuja mmoja mmoja wakanisalimia. Nilipewa kiti chenye mto. Niliwekewa nyama ya ubavu, mahali pa mgeni wa heshima. Nilimeza kipande cha kwanza na sikuhisi ladha yoyote. Nilimwonea wivu mtu yule aliyekuwa akisifiwa, kwa jina langu, na ambaye sikuwahi kuwa yeye.

"Fundi," nikasema, "nilijua ile karatasi ilikuwa ya nini."

Alicheka. "Kwani mimi sijui ulijua? Ni wewe ulinisomea. Kama hukujua, ingekuwa sifa gani? Ulijua na ukafunga mdomo."

Watu wote wakacheka naye. Mlango ulikuwa wazi kabisa wa mimi kunyamaza na kula. Lakini Mama Njeru hakucheka. Alikuwa amesimama karibu na sufuria, mwiko mkononi, ananitazama, na niliona akihesabu nyuma, polepole, mpaka mlangoni kwangu Timau.

"Na ile gazeti, Mwiti?" akauliza. "Ilikuwa wapi?"

"Kwa sanduku yangu," nikasema. "Siku ile ofisa aliniuliza ilikuwa kwa sanduku. Na siku ulikuja kwangu ilikuwa kwa sanduku. Nilitaka kwenda Nakuru."

Watoto waliendelea na kelele zao upande wa pili, hawakusikia. Wakubwa walisikia. Fundi aliokota kipande cha pampu, akakigeuza, akakifuta kwa kidole gumba, akakiweka chini. Kisha akauliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza habari za mashindano ya miezi iliyopita, "Na Nakuru mlikuwa wa ngapi?"

"Wa sita."

Akatikisa kichwa juu chini mara moja.

Niliinuka niondoke. Mama Njeru akaja, akanishika bega, akanikalisha chini. Akachukua sahani yangu, akaenda nayo kwenye sufuria, akaijaza mpaka nyama ikataka kudondoka, akairudisha mbele yangu.

"Kula," akasema.

Nikala. Alisimama pale pale, mikono ameifunga, mpaka nikamaliza yote.